Chandarua Alicholalia Mgeni wa Mlimani

Siku ile mliyoniaga kitaluni nilipostaafu, mliponiuliza nataka zawadi gani nami nikajibu chandarua, mliangua kicheko nyote. Mariamu wa kwenye mbegu akaniambia walidhani nitataka redio, au doti ya kanga ya maana. Sikuwaeleza kitu, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na mimi wali wa baridi siuwezi. Sasa nipo nyumbani, sina cha kumwagilia ila mirehani ya mlangoni, na maneno yananiwasha mdomoni. Basi nawaandikia. Anayesoma vizuri awasomee wenzake wakati wa chai, ila asirukeruke.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda nilipopanda, na mishahara ya kitaluni mnaijua wenyewe, haina simulizi. Nitasema habari za mwanzo, kwa sababu ninyi mmenikuta nikiwa tayari bibi wa kufoka, mkadhani nilizaliwa na bomba la kumwagilia mkononi.

Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, kitalu kilikuwa mali ya Mgiriki mmoja, Bwana Stavro. Aliuza miche ya maua na miti ya kivuli kwa wenye mashamba ya mkonge na kwa majumba ya Ras Kazone. Alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo, lakini ukimjibu kwa upole anashuka. Mimi nilikuwa mtalaka kutoka Kigombe, nakaa Usagara, Tanga mjini, kwa shangazi yangu, Bi Mwanakombo. Mume aliniacha kwa maneno mafupi, nami nikatoka kwake na vitu vya kubebeka kichwani: kanga zangu, sufuria, na chandarua alichonipa marehemu mama siku ya harusi. Mama alikishona pindo mwenyewe kwa uzi mwekundu, maana uzi mweupe ulimwishia na yeye hakuwa mtu wa kungoja.

Baba mdogo, ndugu yake baba yangu, alikuwa na mawazo yake juu yangu. Pale Kigombe palikuwa na mgane mmoja mchuuzi wa dagaa, mtu mzima sana, anayetafuna hata akiwa hana kitu mdomoni. Baba mdogo alishampa maneno mazuri. Nilipomwambia kwamba nimepata kibarua Tanga, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanaidi, kibarua si kazi. Ukiandikwa kazi ya kudumu, nitanyamaza. Usipoandikwa, mwenye dagaa anangoja." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutengea chakula.

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kitaluni niliingia nikiwa nimepania kuandikwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Zefania, Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mtu wa kofia ya pama na sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya shangazi ili nionekane mtu. Akaniambia nivivue. Alisema udongo uliolowa na udongo uliokauka hujulikana kwa unyayo, na mtu mwenye viatu hutembea kitaluni kama kipofu. Nikatembea pekupeku kati ya matuta huku akiniuliza kila mahali, hapa pamelowa, hapa pamekauka? Wengi wenu mnavaa mabuti ya mpira siku hizi. Sisemi kitu, mabuti ni mazuri kwa nyoka.

Mzee Zefania hakugombeza. Ukikata tawi pasipo pake alikohoa tu, na kikohozi chake kilikuwa kinaumiza kuliko matusi. Alinifundisha kushika mkasi wa kupogolea, kuchanganya mchanga na samadi iliyolala, kutoboa debe chini kwa msumari ili maji yasituame. Chakula chake cha mchana kilikuwa viazi vya kuchemsha siku zote, na kabla ya kula alisali kwa muda mrefu hivi kwamba Saidi, mwenzetu wa tatu, alikuwa ameshamaliza mihogo yake na kuanza kuvitazama viazi vya mzee.

Saidi mtamfahamu kwa neno moja: alikuwa mvivu. Mvivu mzuri, mcheshi, asiyekuwa na ubaya na mtu, lakini kazi ya kufanya leo aliiona kama mgeni aliyekosea nyumba. Kwetu alikuwa na kazi ya mkokoteni na baiskeli.

Sasa sikilizeni jambo moja la zamani ambalo ninyi hamlioni tena. Mji ulikuwa na mkaguzi wa afya, Bwana Mbwana, wote tukimwita Bwana Afya. Kaptula imepigwa pasi, soksi hadi magotini, na mkononi ana kata ya bati ya kuchotea maji. Akipita nyumba kwa nyumba anatafuta viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyotuama, yawe ya mtungi uliosahauliwa au kifuu cha nazi, aliyamwaga, na mwenyewe akashtakiwa. Kitalu ndiko alikokuja kwa hamu zaidi, maana kitalu kizima ni maji. Ndiyo sababu kazi yetu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumwaga. Tuliinamisha madebe, tukakung'uta mananasi ya mapambo na kila jani linalokinga maji. Mkono wangu ulizoea hata ukawa unamwaga kabla jicho halijaona. Nilijisifu kwa hilo. Bwana Afya mwenyewe alimwambia Mzee Zefania kwamba mwanamke huyu ana mkono safi.

Halafu akaja Mgeni.

Alikuja kwa treni kutoka Moshi, ndani ya debe lililofungwa gunia bichi, akisindikizwa na Mzungu mmoja mtaalamu wa mimea, mwembamba, uso umebabuka kwa jua la mlimani. Sisi tulimwita Bwana Mimea. Akafungua gunia, tukainama sote kutazama. Wallahi nilivunjika moyo. Nilitegemea ua. Nikaona kitu kama kabichi kubwa iliyokunja uso, majani yamepangana mviringo, magumu, yamebana moyo wa katikati kama mtu aliyefumbata kitu asichotaka kukuonyesha. Pembeni yake palikuwa na vitoto viwili vidogo vya namna hiyo hiyo. Jina lake la kitaalamu nilikuja kulijua baadaye, lobelia. Siku ile Bwana Mimea alilitamka mara moja kwa haraka likatupita, basi sisi tukasema Mgeni, na hivyo ndivyo alivyoitwa mpaka mwisho.

Bwana Mimea alitueleza, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, kwamba kitu hiki kinaishi juu kabisa Kilimanjaro, kupita msitu, mahali ambapo mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda yakawa barafu. Kila siku hivyo, mwaka mzima. Miaka na miaka kinakaa hivyo chini, halafu siku moja kinatoa mlingoti mrefu wenye maua ya buluu. Alikuwa anakipeleka kwao Ulaya kwa meli, kikaangaliwe na wasomi wenzake. Meli ilikuwa karibu kufika, naye ana safari ya haraka ya Nairobi kwanza. Akaomba tukitunze mpaka arudi. Kivuli, akasema, na baridi. Juu ya maji hakusema neno. Nadhani kwake lilikuwa jambo la wazi mno hata halikumjia mdomoni.

Alipokwisha kuondoka, Bwana Stavro alituita. Alikuwa ana nafasi moja ya mtu wa kudumu, na kwa muda mrefu alikuwa anasitasita kumwandika mwanamke. Akanyoosha kidole kwa Mgeni, kisha kwangu. "Hili kabichi ni lako," akasema. "Likipanda meli likiwa hai, nakuandika. Likifa, unakwenda kwenu." Mzee Zefania akakohoa, lakini Bwana Stavro hakuwa amesomea vikohozi. Nami nikaitikia ndiyo bwana, huku namwona mwenye dagaa anatafuna.

Tukampa Mgeni mahali pazuri kuliko sisi wenyewe, banda la makuti lenye upepo wa pande mbili. Mzee Zefania alikumbuka baridi ya kwao, akasema ya huko juu itakuwa baridi hiyo na ndugu zake wote. Kila alasiri Saidi alikwenda kiwanda cha barafu kwa baiskeli, akarudi na bonge ndani ya gunia la unga wa mbao, analalamika njia nzima. Tukalivunja kwa nyundo. Vipande vingine tukazungushia debe, vingine tukavipachika kati ya majani, ili Mgeni akilala aone yuko kwao. Asubuhi barafu ilikuwa imeyeyuka, na kati ya majani mmejaa maji. Nami, mwanamke mwenye mkono safi, nikamwinamisha taratibu nikayamwaga yote, nikamfuta na kitambaa.

Meli haikuja. Ikasemwa imekwama bandari nyingine, haijulikani itatoka lini. Mgeni akaanza kubadilika. Ncha za majani zikawa kahawia, halafu majani ya nje yakalegea. Nikaongeza barafu, nikaongeza kitambaa, nikamwaga kwa uangalifu zaidi, hata tone nikalifuata kwa kidole. Akazidi. Mzee Zefania alikuwa anakuja kila jioni kabla ya kwenda kwake, anachuchumaa, anatazama, anaondoka bila kukohoa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyumbani chakula hakipiti, shangazi ananiuliza kama ninayemuuguza ni mtoto au ni kabichi.

Katikati ya hayo likaja tanzia. Mama mkubwa, dada yake mama, amefariki Kigombe. Msiba ni msiba, nikaenda. Kabla ya kuondoka nilimwekea Saidi maagizo kama ninayemwachia mwana: kila asubuhi mwinamishe, mwaga maji yote, mfute. Akaapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Kule msibani baba mdogo alinipokea vizuri, akanikalisha mahali ambapo mwenye dagaa angeweza kuniona bila kugeuza shingo. Nilimlilia mama mkubwa, na wallahi machozi mengine yalikuwa yangu mwenyewe.

Niliporudi Tanga nilikwenda kitaluni moja kwa moja na furushi langu la nguo kichwani. Nikaingia bandani. Kati ya majani ya Mgeni maji yamejaa pomoni, ya siku zote nilizokuwa sipo, juu yake yanaelea makuti na sisimizi aliyekufa. Saidi hakugusa kitu. Barafu alileta, kwa sababu Mzee Zefania alimsimamia, kumwaga, wapi. Nikamwita kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Akatokea nyuma ya banda anajifuta usingizi, na mimi nimeshafungua kinywa kumwambia alivyoniangamiza, ndipo nikatazama chini vizuri.

Majani ya nje yaliyokuwa kahawia yalibaki kahawia. Lakini ya ndani yalikuwa yamekaza. Yamesimama, ya kijani, yamebana moyo kama siku ile alipofunguliwa guniani.

Nikamwita Mzee Zefania. Alichuchumaa, akatia kidole kwenye yale maji, akakisugua na kidole gumba. Yalikuwa mazito kidogo, yanateleza, mfano wa maji ya bamia. Kisha akasema, "Mwanangu, haya si maji ya mvua wala ya barafu peke yake. Ameyatengeneza mwenyewe. Huyu ana kikombe chake, na sisi kila asubuhi tunampokonya." Baadaye Bwana Mimea alimweleza mzee sawasawa, kwamba usiku huko juu maji yale huganda upande wa juu tu, na chini yake moyo wa mmea unabaki salama, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi. Sisi hatukuyajua hayo. Sisi tuliona majani yamekaza, basi. Saidi akauliza kama ina maana alifanya vizuri. Nikamwambia anyamaze, lakini siku ile mihogo yake nililipia mimi.

Furaha ilidumu mpaka Bwana Afya alipokuja.

Alipita matuta yote, akaridhika, akaingia bandani, akaona. Kata ikashuka. Nikaweka mkono wangu katikati. Sijui nilipata wapi uso. Mtu yule alikuwa anawapeleka watu mahakamani, na mimi nilikuwa kibarua. Akaniuliza kama nimesahau sheria. Nikamwambia sijasahau, na yeye mwenyewe shahidi, lakini maji haya yakimwagwa mmea unakufa, na mmea ukifa mimi sina kazi, na nikikosa kazi naozwa kwa mtu nisiyemtaka. Nilisema yote kwa pumzi moja. Mzee Zefania alikuwa amesimama nyuma yangu, amevua kofia.

Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Alikuna shingo na mpini wa kata. "Mwanaidi," akasema, "wewe nakuamini, na kabichi nalihurumia. Lakini mbu hasomi huruma. Akizaa humu, mtoto wa jirani anaugua homa. Niambie wewe, nimwachie?"

Alikuwa anasema kweli. Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Usiku huo sikulala hata kidogo, na ninyi mnajua mimi na usingizi. Nimelala chali chini ya chandarua cha mama, nasikia mbu wanaimba nje yake, hawaingii. Wanazunguka, wanatafuta, hawaingii. Nikakaa kitako kitandani.

Asubuhi nilikikunja, nikakibeba. Tulimtundikia Mgeni kwenye boriti za banda, tukazungushia pindo chini ya debe na kulibana kwa mawe, pindo lile la uzi mwekundu. Bwana Afya alipokuja alisimama mlangoni akacheka mpaka akaegemea nguzo. Halafu akawa Bwana Afya tena, akakikagua chandarua uzi kwa uzi, akanionyesha tundu. Nikaliziba mbele yake kwa sindano. Akanionyesha jingine. Nikaziba. Mwisho akasema sheria inakataza mbu kuzaa, haikatazi kabichi kulala kitandani, na akaenda zake.

Shangazi yangu hakuliona jambo hilo kwa jicho la Bwana Afya. Alinisema wiki nzima. Kwamba mmea una chandarua na binti wa kaka yake analiwa. Alinichomea maganda ya machungwa, akanipaka mafuta ya nazi, nikanuka kama jikoni, na mbu wakala hivyo hivyo. Sikujali. Kila asubuhi nilikwenda nikamwona Mgeni amekaa ndani ya wavu wangu, kijani, na moyoni mwake panaanza kuchomoza kitu kirefu kidogo, chenye manyoya. Hata Bwana Stavro alikuwa anapita kuchungulia, akijifanya anatafuta mtu mwingine.

Siku honi ya meli iliposikika, mimi nilikuwa naumwa. Homa ilinianza jioni iliyotangulia, na kulipokucha nilikuwa natetemeka meno yanagongana, nimefunikwa blanketi na mkeka juu yake. Shangazi alikwenda kunitafutia dawa. Nikasikia honi. Nikawaza kwamba Bwana Stavro atasema Mwanaidi hakuwepo, na ahadi yake ilikuwa ya mtu aliyekuwepo. Nikainuka, nikajitanda kanga, nikatoka. Sikufika mbali. Miguu ilikataa, nikakaa chini kando ya barabara, jua la Tanga linawaka juu yangu na mimi nasikia baridi ya kufa.

Hapo ndipo uliponikuta mkokoteni. Mzee Zefania anatembea pembeni, Saidi anasukuma, na juu yake Mgeni ndani ya chandarua, kimesimamishwa kwa fito nne. Walikuwa njiani kwenda bandarini. Mzee alinishika paji la uso, akamwambia Saidi asimamishe, wakaniinua wakaniweka juu ya mkokoteni, ubavuni mwa debe. Akateremsha chandarua kikatufunika sote wawili, asiniume mbu mwingine zaidi ya yule aliyenitosha. Saidi akasema sasa mzigo umekuwa mara mbili. Mzee Zefania akakohoa, na safari hii Saidi alielewa.

Tukapita mjini hivyo. Watu walisimama barazani kututazama. Mtoto mmoja akauliza kama mimi ni bibi harusi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa debe kwa mikono miwili nisidondoke, pua yangu karibu na majani, na maji yale ya baridi ya barafu ya asubuhi yalikuwa yanatikisika hayamwagiki. Nikasema moyoni, mwenzangu, kumbe hivi ndivyo unavyojisikia huku kwetu, umetoka kwenye baridi ukatupwa juani. Na mimi leo niko juani nimetupwa kwenye baridi. Nilicheka peke yangu. Homa ina mambo.

Bandarini walikuwepo wote, hata Bwana Mimea amesharudi kutoka Nairobi. Meli ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, na tishari la kupeleka mizigo limeshapakiwa, wanamngoja Mgeni tu. Bwana Mimea alipiga magoti chini na suruali yake nyeupe, akatazama moyo wa mmea, akaona ule mlingoti unaochomoza, na akasema maneno mengi ya kwao. Bwana Stavro akanitazama mimi, kisha akatazama debe. Wakataka kumtoa Mgeni ndani ya wavu wampandishe. Ndipo Bwana Afya, ambaye siku za meli kazi yake ilikuwa hapo langoni, akaweka mkono.

Akawaambia maji yale ameyaruhusu kwa sababu ya chandarua. Chandarua kikibaki, maji yanamwagwa, hapa hapa. Kwenda dukani kununua kingine hapakuwa na muda, tishari linaondoka. Bwana Mimea akageuka akaniuliza kama chandarua ni changu.

Nilikaa juu ya mkokoteni nimekishika pindo. Nikaona ule uzi mwekundu. Nilimwona mama amekaa kizingitini, anakata uzi kwa meno, anasema huu huu unatosha. Sikuwa na kitu kingine chake. Mzee Zefania aliinama karibu na sikio langu. "Mwanangu, hakuna atakayekulaumu ukikataa," akasema. Na ninajua alisema kweli, na ninajua pia kwamba angenitetea mbele ya Bwana Stavro. Lakini nilikuwa nimemlea yule kabichi. Nilikuwa najua anavyobana moyo wake.

"Nendeni nacho," nikasema, nikaachia.

Nikalia sana, siwafichi. Bwana Mimea aliahidi kuniletea kingine. Tishari likaondoka na Mgeni amesimama katikati ya magunia ya katani, ndani ya chandarua cha mwanamke wa Kigombe, kinapepea. Bwana Stavro akamgeukia Mzee Zefania na ile sauti yake, bandari nzima ikasikia: "Huyu mpelekeni hospitali. Akipona, arudi kazini kwake." Hakusema kibaruani. Alisema kazini kwake. Nililisikia neno hilo katikati ya kutetemeka, nikalikamata.

Nilipopona, baba mdogo alikuja mjini kunijulia hali. Nikamwambia nimeandikwa. Alinyamaza, kama alivyoahidi; ni mtu wa neno lake. Mwenye dagaa alioa mwaka uleule na nasikia walipendana vizuri, kwa hiyo kila mtu alipata chake.

Mengine mnayajua au yako kwenye miti mnayopita chini yake. Mivinje ile ya barabarani niliiotesha mimi na Mzee Zefania, mwaka wake wa mwisho, akiwa haoni vizuri, anaikagua kwa unyayo. Kabla mzee hajarudi kwao milimani, Bwana Mimea alipita tena Tanga mara moja, akamkuta yeye, mimi sikuwepo. Akamwambia Mgeni alitoa maua kule Ulaya, ya buluu, kisha akafa, ndivyo alivyoumbwa, akishatoa maua kazi yake imekwisha. Vile vitoto vyake viwili vikaendelea. Habari za chandarua hakuleta. Mzee aliona haya kumuuliza.

Nimenunua vyandarua vingi tangu hapo, msidhani nimeliwa na mbu maisha yote. Lakini kununua mbali, kupewa mbali. Cha kwanza nilipewa na mama nikiingia nyumbani kwa mtu. Hiki chenu nimepewa nikirudi nyumbani kwangu mwenyewe, nilikojenga kwa kazi ile ile. Mmechagua kizuri, kipana, hakina tundu, Bwana Afya asingepata la kusema.

Jana nimemaliza kukishona pindo. Uzi mweupe ninao tele, lakini nimetumia mwekundu.